Siku moja maishani mwangu: kutibu samaki wa mapambo kwenye joto la Dar

Nikimwambia mtu natibu samaki swali la kwanza huwa ni hilohilo, sindano unawachoma wapi? Hamna sindano jamani. Muda mwingi nimeshika ndoo na mpira wa kunyonyea maji. Nafanya kazi duka la samaki wa mapambo huku Sinza, wenzangu wako mbele wanauza matenki, filta na chakula, mi niko chumba cha nyuma na wagonjwa, na hii ndo Jumamosi yangu ilivyoenda, mwezi wa pili huu jua linavyochoma.

Saa 12 asubuhi

Nikifungua siwashi taa. Ukiwasha ghafla samaki wanakurupuka wanajibamiza kwenye kioo, unajiongezea kazi mwenyewe. Nasimama kwanza nasikiliza pampu. Maikrowevu ya ofisini inawaka sifuri tupu, maana yake umeme ulikatika usiku, ila pampu za betri zilishika zamu. Kipima joto kinasoma nyuzi 29 na jua ndo kwanza linachomoza. Hiyo namba ndo inayonipangia kazi, kwa sababu maji ya nyuzi 20 yanabeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, yakifika 30 inabaki kama 7 na nusu, kwa hiyo samaki wa Dar anaamka na hewa pungufu kabla hata ya kuumwa, sasa muongezee na ugonjwa wa matamvua, yale mashavu anayopumulia, uone.

Wodini matenki ni matupu, hamna mchanga wala mawe, na kila tenki lina neti yake na mpira wake, atakayechovya neti ya tenki moja kwenye lingine tutakosana hapahapa. Mgonjwa mkubwa leo ni oska, samaki wa mapambo mwenye mwili mkubwa, aliyeruka akajikwangua kwenye mfuniko, ubavu mmoja magamba yametoka eneo la kama sarafu ya mia mbili. Nyama ni nyekundu lakini safi, haina utando. Huyo simpi dawa yoyote zaidi ya chumvi, gramu 3 kwa lita, tenki la lita 60 ni gramu 180, nayeyusha pembeni namwaga kidogokidogo mpaka mchana. Watu wanadhani chumvi inaua vijidudu tu. Damu ya samaki wa maji baridi ina chumvi karibu gramu 9 kwa lita na maji aliyomo hayana karibu kitu, kwa hiyo maji yanamwingia muda wote na figo zinakazana kuyatoa, sasa ngozi ikichubuka maji yanaingia zaidi. Ukiweka chumvi kiasi unampunguzia hiyo kazi, kidonda anakifunga mwenyewe. Chumvi ya kawaida tu ya dukani, msiuziwe pakiti ya bei mbaya kisa ina picha ya samaki. Ila mimea haiipendi, ndo maana naifanyia tenki la pembeni.

Saa 3 asubuhi

Anaingia mama mmoja na kopo la aiskrimu, ndani goldifishi anahema juujuu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, niokolee huyu, ni wa mjukuu wangu, ana fangasi mdomoni."

Nikamuweka kwenye kioo nikammulika na tochi kwa ubavu, maana ukimulika kwa mbele huoni kitu. Fangasi wa kweli ana nyuzi ndefu zinapepea kwenye maji. Huyu hakuwa na nyuzi, alikuwa na utando wa kijivu umekaa bapa kuzunguka midomo, pembeni una rangi ya manjano kidogo, na mgongoni karibu na pezi kuna baka lingine limemkaa kama tandiko la punda. Hiyo ni kolumnarisi, ni bakteria, na fangasi inasingiziwa tu. Nikamuuliza mama umefanya nini mpaka sasa, akasema wajukuu waliangalia video wakanunua hita wakapandisha joto mpaka 30, video ilisema joto linaua ugonjwa.

Hapo ndo huwa nachoka. Hiyo video inaongelea madoa meupe, yale kama punje za chumvi mwili mzima, na mtengenezaji wake yuko nchi ya baridi. Kimelea cha madoa meupe kikiwa kwenye ngozi dawa haikigusi, inakiua kikishadondoka chini kikazaana na watoto wake wakaanza kuogelea kutafuta samaki, ndo maana watu wanapandisha joto ili mzunguko uende haraka dawa iwawahi. Kwenye nyuzi 24 hadi 26 mzunguko unaisha siku 3 hadi 6, Arusha mwezi wa saba unarefuka sana kwa hiyo kule hita ina maana. Hapa Dar maji yetu yako 29 bure, hita ya nini? Na kolumnarisi yenyewe inapenda joto kuliko kitu chochote, mtu akiipandishia anaweza kuamka kesho tenki zima limelala chali.

Mama alikuja na maji ya tenki kwenye chupa kama nilivyomwelekeza kwenye simu. Nikapima amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, na maji ya kipimo badala ya kubaki manjano yakaenda kijani kibichi. Kumbe sponji ya filta wanaisugua bombani kila wiki mpaka inakuwa mpya, na maji ya bomba yana klorini, kwa hiyo wale bakteria wazuri wanaokula amonia wanauawa kila Jumapili. Nikamwambia hita zima, nusu ya maji badilisha leo na kesho tena, maji yalale kwenye ndoo na pampu ya hewa usiku mzima kwanza, sponji suuza kwenye maji ya tenki lenyewe, na msiwape chakula kwa sasa. Mgonjwa nimebaki naye, nimemuwekea pamanganeti, ile ya zambarau, miligramu 2 kwa lita, hii unapima kwa mizani ya dhahabu maana ukizidisha inaunguza matamvua. Maji yakibaki ya pinki dawa inafanya kazi, yakigeuka kahawia haraka ujue uchafu umeila dawa yote.

Mama hakuridhika sana, alitaka kuondoka na kichupa. Wengi wako hivyo, ukimpa mtu ushauri wa kubadilisha maji anaona umemnyima dawa.

Saa 6 mchana

Wali maharage wa mama ntilie, ila kabla ya kula naosha mikono mpaka kwenye kiwiko. Kuna bakteria wa samaki anaitwa maikobakteria marinumu, ni ndugu wa wale wa TB, akiingia kwenye mchubuko wa mkono anakuachia vijinundu sugu vinavyotaka dawa za miezi. Ukiwa na kidonda vaa glavu. Na acheni kunyonya mpira wa maji kwa mdomo, nawaona.

Saa 8 mchana

Bajaji mpaka Mbezi Beach kwa mzee mwenye bwawa la koi, wale samaki wakubwa wa rangi wanaofugwa bwawani. Koi mmoja mwekundu na mweupe, mkubwa kama mkono wangu, alidonolewa na kulastara, wale ndege wa miguu mirefu, tundu likachimbika likawa donda lina duara jekundu na katikati nyama imeoza. Mpwa wa mzee alishamwaga bwawani unga wa tetra, antibiotiki ya kuku kutoka duka la dawa za mifugo. Bwawa linajazwa maji ya kisima, maji magumu yenye kalsiamu nyingi, na tetra ikikutana na kalsiamu inashikamana nayo, haimfikii samaki. Kwa hiyo hela imekwenda, povu limejaa, na bakteria wa bwawani wamepata mazoezi ya kuzoea dawa. Sikumgombeza, mzee alikuwa ameshamgombeza vya kutosha.

Huyu sasa lazima ashikwe, na samaki anayefurukuta anaumia zaidi, kwa hiyo analazwa kwa mafuta ya karafuu. Yanatoka Pemba, pale Wawi kuna kiwanda kinachokamua makonyo na majani ya mkarafuu. Ganzi yenyewe ni yujenoli iliyomo kwenye mafuta, hiyohiyo wanayotumia madaktari wa meno. Hayachanganyiki na maji, kwa hiyo naweka matone kwenye chupa ya maji ya uvuguvugu natikisa mpaka yawe meupe, ndo namwaga kwenye beseni kwa awamu huku namwangalia. Kwanza anapunguza mkia, afu anainama upande, afu analala ubavu lakini matamvua bado yanafunguka na kufunga taratibu. Hapo ndo pa kusimama. Matamvua yakikaribia kuacha unamrudisha maji safi haraka, huo sio utani.

Nikamtoa juu ya taulo lililoloa, jicho nimelifunika. Magamba ya ukingoni yaliyolegea nikayatoa kwa kibano, yanasumbua kuyaacha maana uozo unajificha chini yake, kisha pamba ya masikioni na povidoni aidini, ile ya kahawia ya vidonda vya watu, nasafisha kutoka katikati kwenda nje mpaka pamba inatoka bila uchafu. Aidini isiguse matamvua kabisa. Kazi yote dakika moja na kidogo, afu nikamrudisha kwenye beseni la maji ya bwawa nimemshika wima, pampu ya hewa iko mbele ya mdomo wake, mpaka akaupiga mkia mwenyewe akanilowesha shati. Mzee akacheka, "Huyo amekulipa." Nimemwachia kazi ya kufunga wavu juu ya bwawa na kulinyonya tope la chini, maana donda la hivi likibaki kwenye maji machafu nitaitwa tena.

Saa 11 jioni

Foleni, foleni, foleni. Dukani kijana wa chuo ananisubiri na beta wake, samaki mdogo wa mapezi marefu, ana mkia uliochanika. Kingo za mchaniko ni safi, hazina weusi wala wekundu, kwa hiyo haujaoza, amechanikia kwenye ua la plastiki. Ukitaka kujua ua ni zuri lipitishe kwenye soksi ya kike, likivuta uzi litupe. Akaniuliza kuhusu majani yanayouzwa mtandaoni kwa ajili ya beta, ya kutoka Asia. Nikamtoa nje nikamuonyesha mti tuliopaki pikipiki chini yake. Mkungu! Ni uleule. Okota jani kavu la kahawia lililodondoka lenyewe, sehemu isiyopuliziwa dawa, lioshe, litumbukize, maji yatakuwa rangi ya chai kidogo na yanasaidia ngozi yake. Jani peke yake halitibu, lakini kwa mkia huu na maji safi linatosha.

Saa 3 usiku

Niko nyumbani, WhatsApp inalia. Kaka mmoja anaandika kwa herufi kubwa goldifishi wake ana madoa meupe, nimpe dozi haraka, duka la dawa linafungwa. Nikamwambia tuma picha. Picha ikaja: vidoti vyeupe vimejipanga vizuri kwenye vifuniko vya matamvua na ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani, kwingine mwilini hamna hata kimoja.

"Anakula?"
"Anakula sana tu dada, na anawasumbua wenzake anawakimbiza nyuma nyuma"
"Kaka huyo haumwi. Ni dume, ametoka chunusi za kutafuta jike"

Kimya dakika kadhaa. Afu: "sasa nimpe dawa gani?"

"Mletee jike."

"Jike mnauza bei gani?"