Maneno ya Kumpokea Mkwe

Kaka yangu alisoma Eldoret, akaoa huko binti wa Kibukusu, mojawapo ya makabila ya Waluhya, kutoka Bungoma, magharibi mwa Kenya, akamleta kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo. Mtoto wao wa kwanza alipozaliwa, mama wa wifi yangu alituma habari kwamba anakuja kumwona mjukuu. Wifi alikuwa bado hajapata nguvu za kuteremka hadi mpakani. Kaka naye, kwa desturi ya kwao mke wake, hakutakiwa kumsogelea mama mkwe wala kumpa mkono; ilimpasa asimame kando, asalimie kwa mbali, na wakati wa chakula asikae naye chumba kimoja. Mapokezi yote yakabaki mikononi mwangu na mwa mama yangu, na mgeni mwenyewe, kwa maelezo ya wifi, alikuwa mkulima wa upande wa Mlima Elgon ambaye Kiswahili alikisikia lakini alikizungumza kwa shida. Kiswahili chetu cha Bukavu, kilichochanganyika na Kifaransa na Mashi, lugha ya Bashi wa kwetu, kingemchosha zaidi.

Ndipo nikamwomba wifi anifundishe. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na sijui kujifunza bila daftari. Nikalifungua, nikamwuliza juu ya ukurasa niandike Kiluhya au vipi.

"Andika Lubukusu, wifi," akasema. "Waluhya ni wengi, na kila mmoja ana maneno yake."

Akanitajia Wawanga, Walogooli, Wanyore, Waisukha na Wasamia, akaeleza kwamba wote wanaelewana kwa salamu ya *mulembe*, yaani amani, lakini ukishavuka salamu mambo yanaanza kutofautiana: mtu wa Wawanga akiomba maji atasema *amatsi*, Mbukusu atasema *kamechi*. Miaka kadhaa baadaye nilisoma kwamba katika miaka ya 1940 palikuwa na kamati iliyojaribu kuwatengenezea Waluhya wote lugha moja ya maandishi, na kwamba jitihada hiyo haikukubalika kila mahali. Sikushangaa hata kidogo, kwa sababu nilikwisha kumwona wifi akiitetea *kamechi* yake akiwa na mtoto mchanga kifuani.

Nilitarajia aanze na namba na siku za juma, kama vitabu vyetu vya shule vinavyoanza. Yeye alianza na watu. Mama ni *mayi*, baba ni *papa*, bibi ni *kukhu* na babu ni *kuka*, na hakukubali tuendelee mpaka *kukhu* na *kuka* yatengane vizuri mdomoni, kwa kuwa mama yake sasa alikuwa amepata mjukuu na huenda angependa kuitwa kwa cheo hicho kipya. Baada ya hapo ndipo zilipofuata *oriena* ya kumjulia mtu hali, *ndi bulayi* ya kujibu kwamba u mzima, *ikhala asi* ya kumkaribisha mgeni akae, na *orio* ya kushukuru. Naamini mpangilio huo ulikuwa sahihi kuliko wa vitabu vyangu. Mzee atakusamehe kitenzi kilichopinda, lakini ukimwita kwa jina lisilomstahili umeshamvunjia heshima kabla ya mazungumzo kuanza.

Mama yangu hakutaka daftari. Alikaa mlangoni pa jiko akichambua maharagi, akasikiliza, na kila neno lililotajwa alilirudia kwa sauti ya chini huku mikono ikiendelea na kazi. Herufi *kh* ndiyo iliyomshinda mwanzoni, hadi wifi alipomwambia aitoe kama mtu anayepuliza uji wa moto, ila pumzi itokee kooni. Mama akajaribu, akajaribu tena, na kabla maharagi hayajaingia chunguni alikuwa akiisema *kukhu* vizuri kuliko mimi.

Mgeni alikuja kwa njia ya Malaba na Kampala, akalala Kigali, kisha akapanda basi linalopita msitu wa Nyungwe hadi Kamembe. Tulimngojea upande wetu wa mto Ruzizi, ulio mpaka wetu na Rwanda, tangu asubuhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu yote kwa utaratibu, na nilipomwona yule mama mwenye leso mbili na kikapu kilichofunikwa vizuri, nikavuta pumzi ili nianze. Mama yangu alinitangulia. Alipiga hatua mbele, akainama kidogo kama tunavyofanya kwa wakubwa, akasema: "Mulembe, mayi. Oriena?"

Yule mama alisimama. Alitua kikapu chini, akamtazama mama usoni, kisha akanigeukia mimi kana kwamba anatafuta mtu wa Bungoma aliyejificha nyuma yetu. "Mulembe!" akaitikia, na hapo Lubukusu kikamtoka kwa wingi na kwa kasi, maneno ambayo hakuna daftari lililotuandaa kuyapokea. Mama alimshika mikono yote miwili, akajibu "ndi bulayi, mayi, ndi bulayi", na akiba yake ilipokwisha akaendelea kwa Mashi, bila kusita, akimwuliza habari za safari na baridi ya msituni. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyekuwa anamfuata mwenzake neno kwa neno, lakini hakuna aliyenigeukia kuniomba tafsiri.

Nyumbani Kadutu, sehemu ya Bukavu tunakoishi, kaka alisimama kando ya ua kama alivyoelekezwa, akasalimia kwa mbali, na mkwe wake akaitikia kwa utulivu ulioonyesha kwamba jambo hilo limemridhisha. Wifi alilia alipomwona mama yake. Sitaeleza zaidi hapo.

Jioni tulichinja kuku, kwa kuwa wifi alikwisha kutuonya kwamba mgeni wa heshima wa Kiluhya akilala bila kuku hajapokewa, na firigisi tukamwekea baba kwa sababu kwao pia ni haki ya mwenye nyumba. Wakati huo ndipo mgeni alipomwambia binti yake kwamba anataka *kamechi*. Nilikuwa nafungua daftari kuhakikisha. Mama alikuwa ameshafika na kikombe cha maji.

"Si ni amishi?" akaniambia. "Huyu mama anasema sawa Bashi!"

Tangu hapo jiko lile likawa shule ambayo mwalimu mwenyewe nilikaa nyuma. Mama alimwinua kuku aliyekwisha kunyonyolewa, akasema *engoko*; mgeni akasema *engokho*, akaikaza ile *kh* ili mama aisikie. Wakamnyooshea kidole mtoto, wote wawili wakasema *omwana*, wakacheka sana. Walipohesabu sahani, yule mmoja alipofika kwenye mbili, tatu, nne na tano, mwenzake aliitambua kila namba kabla haijamalizika kutamkwa. Kwenye ugali ndipo walipoachana: mgeni aliuita *busuma*, sisi tunaita bugali, na alipouonja wetu wenye unga wa muhogo akauliza maswali mengi ambayo wifi alichoka kuyafasiri. Maharagi yalikuwa *kamakanda*, neno ambalo Mashi haikutusaidia kulikisia, na mama alilirudia mpaka likakaa.

Wataalamu huziweka lugha hizi mbili katika kundi moja la Kibantu cha Maziwa Makuu, na laiti ningalilijua hilo mapema, ningaliandika daftari langu kwa safu tatu badala ya mbili. Mama hakuhitaji wataalamu. Alikuwa amekulia sehemu za Walungu, nje ya mji, akiongea Mashi peke yake, Kiswahili alikijifunzia mjini akiwa mkubwa, na alijua namna ya kuingia katika lugha ya watu kupitia mlango wa jikoni.

Mgeni alikaa nasi mpaka mtoto alipoanza kuinua shingo. Katika muda huo Lubukusu changu kiliongezeka, lakini cha mama kiliongezeka zaidi, hata ikafika mahali wakawa wanaagizana vitu vya sokoni bila kumwita mtu. Siku chache kabla ya kuondoka, mgeni alimwambia wifi aniombe lile daftari. Nilidhani anataka kuyasahihisha maneno yangu. Alimwamuru binti yake aligeuze, aanze upande wa pili, amwandikie salamu za Mashi, kuanzia *asinge*, ili mama yangu atakapokwenda Bungoma akute watu wa kumwitikia.