Zenit ya baba na dagaa wa Kibirizi

Aliyenishauri nipige picha za mtaani kwa kujificha, kamera chini ya koti, alinipotezea miezi. Kigoma watu wanakujua kwa mwendo tu. Halafu shata ya kamera yangu, Zenit-E ya filamu, inalia klak! na soko zima linageuka.

Kamera ni ya marehemu baba, chuma kitupu, lenzi ya Helios milimita 58. Kipima mwanga chake hakisogei tena. Siku ya kwanza nilizunguka nayo mtaa wa Mwanga, nikateremka hadi karibu na stesheni, nikapanda bodaboda kwenda Ujiji. Navuta mkono wa kamera unaosogeza mkanda wa filamu, nabofya, navuta, nabofya. Wauza embe, mafundi baiskeli, watoto wa shule, wote nikawachukua. Picha 36 zikapita na mkono bado unavutika laini kabisa, nikafurahi kwamba mkanda umenizidishia. Nikautuma Dar kusafishwa. Gharama na kifurushi kama elfu hamsini na kitu. Ukarudi mtupu, unaona ng'ambo kama kioo. Ulimi wa mkanda, ile ncha yake ya mwanzo, haukuwa umeshika, kamera ilikuwa inazungusha hewa siku nzima. Niliumia wiki mbili. Sasa nikishaweka mkanda nakaza ulegevu wote, kisha kila nikivuta mkono naangalia kitufe cha kurudishia, kushoto. Kikizunguka, mkanda unatembea. Kisipozunguka, usipige hata moja.

Kipima mwanga kibovu hakinisumbui. Jua kali la saa tano, mkanda wa ISO 400 (kipimo cha wepesi wake kwa mwanga), shata 1/500 ya sekunde, kitundu cha lenzi kimebanwa hadi f/16, basi. Na hapa ndipo ninapojivunia: kwenye f/16 nikiweka umbali mita 5, kila kilicho kati ya mita 3 na mita 17 hivi kinatoka kikali. Sizungushi lenzi tena. Kitundu kikifungwa hivyo kioo cha kutazamia kinaingia giza, lakini picha nimeshaipanga kichwani, nanyanyua kamera na kubofya.

Kibirizi, mwaloni kwa wavuvi, nilikwenda bila koti, kamera kifuani. Wanawake walikuwa wanageuza dagaa walioanikwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hilo dude linapiga picha? Mbona haionekani?"

"Mpaka isafishwe, bibi."

Nikampa atazame kwenye kioo. Akawaita wenzake, wakatazama kwa zamu, mmoja akalaza dagaa kiganjani mwake nimpige picha nao. Baada ya nusu saa hakuna aliyenijali, kila mtu na kazi yake. Hapo ndipo nilipopiga, picha tisa tu. Mkanda ni ghali, usiumalize kwa siku moja, wala usiuache kwenye begi juani. Bandarini na stesheni omba ruhusa kwanza.

Kati ya hizo tisa, saba zimetoka. Ya bibi ndiyo bora: amenyanyua mkono, dagaa wanaanguka, kila mmoja unamhesabu, na nyuma yake mitumbwi inaonekana wazi.

Niliichapisha kubwa nikampelekea. Kabla ya kuipokea alifuta magamba mikononi kwa kanga yake, kidole kimoja kimoja.