Karatasi yenye namba 86

Mwaka 2006, msimu wa korosho ukiwa umeanza, nilimpeleka mjomba wangu kutoka Mikindani hadi hospitali mjini Mtwara, baada ya ukoo kubishana majuma kadhaa juu ya nani aliyemroga. Sikuwalaumu, wala siwalaumu leo. Alianza kwa mkanda wa jeshi, uliomwachia kovu jeusi kutoka mgongoni hadi ubavuni. Ulipopona akaandamwa na kuharisha. Kisha utando mweupe ukamtanda mdomoni, na mwishowe kikaja kikohozi kilichobainika kuwa kifua kikuu. Maradhi manne yasiyofanana, kwa mtu aliyekuwa akipalilia shamba lake peke yake, yangeelezwaje?

Muuguzi alikuwa ameshampa majibu ya VVU. Sasa alimwekea mbele karatasi ndogo iliyoandikwa 86 kwa kalamu ya bluu.

“Baba, hizi ni chembe nyeupe za damu ziitwazo CD4. Ndizo zinazoziamsha chembe nyingine zipigane na vijidudu. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo 500 au zaidi katika milimita moja ya ujazo wa damu. Wewe unazo 86.”

Alieleza kwamba virusi huingia ndani ya chembe hizo hizo, huzitumia kuzaliana, kisha huziua. Na kwamba mtu aweza kuishi na VVU hata miaka kumi bila kuumwa, hadi CD4 zishuke chini ya 200, hali ambayo tayari huhesabiwa kuwa UKIMWI. Hata vimelea vya kifua kikuu, alisema, hulala katika miili ya watu wengi bila kuwadhuru, vikisubiri kinga ilegee.

Mjomba aliitazama karatasi kwa muda mrefu.

“Kwa hiyo, binti yangu, mlinzi wa shamba ndiye aliyeuawa, na hawa ngedere wanaingia kwa zamu tu?”

“Ndivyo hasa, baba.”

Alianzishiwa dawa za kifua kikuu, na baada ya wiki chache ARV, ambazo serikali ilikuwa ikizitoa bure tangu 2004. Hazimalizi virusi, huvizuia visizaliane, chembe zikapata nafasi ya kuongezeka tena.

Jioni ile, chini ya mwembe wa nyumbani, mjomba mwenyewe aliwasimulia wakubwa habari za mlinzi na ngedere. Shangazi aliipokea karatasi, akaigeuzageuza, akauliza kwa sauti ya chini, “Na huyo mlinzi, anaweza kurudi?”

Mwaka uliofuata karatasi mpya iliandikwa 231. Mjomba alimpelekea yeye kwanza.