Udongo unaoziba nyufa zake wenyewe

Jumamosi niliingia Mont Terri, maabara iliyo kama mita 300 chini ya mlima, karibu na mji wa St-Ursanne, Uswisi. Tangu 1996 watafiti wanachunguza humo mwamba wa mfinyanzi uitwao Opalinus, wenye umri wa miaka milioni 175 hivi. Wanataka kujua kama mwamba huo unafaa kuzikia taka za nyuklia; taka zenyewe hazizikwi hapo, ni utafiti tu.

Nilishika kipande chake. Kijivu cheusi, kikavu, kinabanduka tabaka kwa tabaka kama chapati ya kusukuma. Aliyetuongoza akakidondoshea maji. Punde kingo zikalainika, zikavimba, na ufa mwembamba niliokuwa nauona ukajaa tope. Jamani! Nilibaki nimekiinamia hadi wenzangu wakatangulia.

Hiyo ndiyo siri yenyewe. Maji ndiyo yangebeba sumu ya taka hizo kuipandisha juu, na humo maji karibu hayatembei; ufa ukitokea, udongo unavimba na kuuziba. Tena vijitabaka vyake vina chaji hasi, kwa hiyo seziamu, moja ya sumu hizo, yenye chaji chanya, hunaswa palepale. Iodini, sumu nyingine ya taka hizo, hainaswi hivyo, kwani nayo ina chaji hasi. Kinachoichelewesha hasa ni mwendo wa kobe ndani ya mwamba, na hilo linanifikirisha sana.

Mwaka 2022 Nagra, shirika linaloshughulikia taka hizo, lilipendekeza zizikwe Nördlich Lägern, kaskazini mwa Uswisi, ndani ya udongo huuhuu.

Kipande nilichopewa kiko dirishani. Binti yangu ameshaomba tukidondoshee maji.