Wikiendi ya Udzungwa na mangabei wa Sanje

Nikimwambia mtu nilienda hifadhi kupiga picha swali la kwanza ni lile lile, simba umemuona? Sikumuona na wala sikumfata yeye. Nilienda milima ya Udzungwa kumtafuta mnyama wa jamii ya kima anaitwa mangabei wa Sanje, ambae dunia nzima hapatikani popote zaidi ya milima hiyo, na hata humo yupo kwenye misitu miwili tu, Mwanihana na ule wa Uzungwa Scarp. Mimi mtu wa Morogoro kabisa, nimesoma shule zote hapa, na sikuwahi kusikia jina lake mpaka nimekua mtu mzima nanunua kamera. Hilo lilikua linaniuma.

Ilikua mwezi wa 9, kiangazi, tukatoka ijumaa na kaka yangu mkubwa ambae picha hazimhusu ila alikubali kunibebea stendi ya kamera. Basi la Ifakara, mkifika Mikumi mnaiacha barabara ya Iringa mnakata kushoto mpaka Kidatu, baada ya hapo ni miwa na miwa upande mmoja af kulia kwenu milima imesimama wima kama ukuta, msitu umeanzia chini kabisa karibu na nyumba za watu unapanda mpaka kwenye mawingu. Tukashuka Mang'ula jioni.

Mama wa gesti alikua anapika kwa mkaa na akatuambia bei ya gunia, kwa masikitiko kabisa, maana zamani walikua na siku zao za kuingia hifadhini kuokota kuni zilizoanguka, mwaka 2011 ikapigwa marufuku. Naelewa kwa nini ilifanyika, ule msitu ukiisha umeisha na maji mengi ya bonde la chini yanatoka mule. Lakini nadhani mtu anaekaa mlangoni mwa msitu akabeba gharama ya kuutunza anastahili kupewa heshima kubwa kuliko sisi tunaokuja na kamera siku mbili tunaondoka.

Jumamosi asubuhi geti tukapewa muongozaji, mzee wa makamo mpole sana. Shikamoo mzee, marahaba wanangu, mmekuja kuona nini? Nikamwambia. Akacheka akasema huyo hatafutwi kwa macho.

Kabla hatujaenda mbali tukakutana na mbega wekundu juu ya miti, nao ni wa Udzungwa tu, kichwani wana nywele nyekundu kama wamevaa kofia, mgongo kijivu cheusi, wanakula majani machanga na kuruka mti kwa mti na kile kidole gumba hawana. Kuwapiga picha ni kazi maana wako juu na nyuma yao mbingu nyeupe, kamera inaona ule mweupe inawafanya wao weusi tii, ikabidi niongeze mwanga kwa mkono karibu stopu mbili, yaani kama mara nne, mbingu ikapotea ila uso wa mnyama ukatokea vizuri na macho yake. Nilifurahi sana. Kaka akasema hata tukirudi sasa hivi pesa yetu imerudi.

Tukaingia ndani. Msitu wa mlima ule mchana wa saa nne unakua kama jioni, nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuona kwenye giza, mpaka 3200 na bado shata inayofungua na kufunga kuingiza mwanga ilikua inasuasua kwenye 1/125 ya sekunde, lenzi inashika ukungu kwa joto la mwili wako mwenyewe. Ndege wanaitwa hondohondo walikua wanalia juu huko, wanalia kama watoto wachanga kweli. Mzee akatuambia tukae chini, kamera kwenye begi, tusikilize. Tukakaa muda mrefu, na ndo akatusimulia kwamba mwaka 1979 watafiti walikua humu humu juu ya kijiji cha Sanje wakasikia sauti ambayo haikutakiwa iwe Tanzania, sauti ya mangabei, wakati ndugu zake wa karibu wanajulikana wako mto Tana kule Kenya. Hawajamuona, wamesikia tu! Wenyeji wao walikua wanamjua siku zote, ana jina lake, wanajua anakula nini, ila kwenye vitabu alikua hayupo.

Mimi nikamwambia nimesoma kuhusu sange mwenye uso wa kijivu, kale kanyama kadogo ka pua ndefu, kwamba ilianza na picha tu, kamera ya mtego inayojipiga yenyewe, iliyofungwa kwenye mti huko ndani msitu wa Ndundulu, ikampiga picha mwaka 2005, mpaka 2008 akatangazwa spishi mpya. Mzee akanijibu sasa unaona mwanangu, hii milima bado haijamaliza kusema.

Af ikaja. Sauti nzito ya kuita mara moja, kimya kidogo, kisha mgugumio mrefu unaoshuka. Mzee akainua kidole. Tukaenda taratibu sana kuelekea chini ya mteremko na kilichotupeleka mwisho sio ile sauti kubwa ila mlio wa kutafuna, kah kah kah, wanavunja kokwa ngumu kwa meno. Walikua chini, ardhini, wengi, wanafukua majani makavu kwa mikono kama watu wanaotafuta kitu kilichopotea. Kijivu, tumbo lina rangi ya machungwa iliyopauka, nywele za utosini zimesimama. Mama mmoja alikua na mtoto amemng'ang'ania tumboni akakaa upande wenye kamwanga kidogo kalikopenya, akaangalia kule niliko, akaendelea kula. Nikapiga. Mikono ilikua inatetemeka nikaegemeza lenzi kwenye goti la kaka yangu nikapiga tena na tena, na nilipoona kwenye kioo jicho lake limekaa kwenye fokasi machozi yalinitoka, sioni aibu kusema.

Jumapili tulipanda maporomoko ya Sanje, mita 170 za maji, pazuri kila mtu anapasifia na ni kweli. Njiani kulikua na kinyesi cha tembo cha jana yake, mzee akasema mashamba mengine ya chini wamefunga uzio wa mizinga ya nyuki maana tembo anaogopa nyuki, na asali wanauza. Sange akakatiza njia mbele yetu na kile kipua chake kirefu, akapotea kabla sijanyanyua kamera.

Wakati wa kuagana mzee akaniomba ile picha ya mama na mtoto, binti yake yuko darasa la sita na hajawahi kumuona huyo mnyama. Nikasafisha nakala kadhaa kubwa studio nikampa konda wa basi la Ifakara pale stendi ya Msamvu, Morogoro, ampelekee. Wiki iliyofata mzee akanipigia simu kwamba moja imebandikwa darasani, na kuna mtoto aliuliza huyu yuko nchi gani, mwalimu akamuonesha mlima kupitia dirishani. Sasa wanataka na ya mbega mwekundu, hiyo nimeshatuma. Wanataka na ya sange, ya sange sina, kwa hiyo nimeshaongea na kaka na mzee anajua tunarudi kabla mvua hazijaanza.