Ukuta wangu wa kangaga

Ukuta wa barazani kwangu unatazama magharibi. Ikifika saa kumi jioni, kwa jua hili la Dar, ukiuwekea kiganja unakitoa haraka. Mwaka jana nikaamua kuuotesha mimea.

Jaribio la kwanza lilioza. Nilijaza udongo kwenye mifuko nikaigongomea ukutani. Maji yakatuama, rangi ikabanduka. Ndipo nikaijua njia ya Patrick Blanc, mtaalamu wa mimea wa Ufaransa aliyeuvika kijani ukuta wa makumbusho ya Quai Branly, Paris. Hatumii udongo kabisa! Fremu ya chuma huachanishwa kidogo na ukuta ili hewa ipite, juu yake bamba la plastiki, kisha kitambaa kizito kisichooza. Maji yenye mbolea hudondoka kutoka juu, mizizi ikashika kitambaa.

Mimi nimetumia blanketi kuukuu la nailoni. Nimelichana kwa wembe, kila mchano mche mmoja; kangaga nimeziweka chini, penye unyevu na kivuli.

Jana nimefunua mchano mmoja. Mizizi myeupe, myembamba kama uzi wa cherehani, imepenya hadi upande wa pili. Nikamwita mama aje aone.