Matundu mawili madogo

Jumanne ya pili ya Februari 2016, saa 2:00 asubuhi, watoto 71 waliitika majina katika darasa la awali la shule yetu ya msingi, kijijini, mkoani Dodoma. Saa 4:40, baada ya uji, waliitika 38. Hakuna aliyekuwa mgonjwa, na mvua haikuwa imenyesha. Watoto 33 walikuwa wametoka kwenda kunywa uji wakaishia nyumbani.

Mwaka ule kila mwalimu wa awali nchini anaukumbuka. Sera ya Elimu ya 2014 ilikuwa imeufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ukafuta ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016. Wazazi waliwaleta watoto kwa makundi. Kwenye rejista yetu waliandikishwa 94, mwalimu mmoja, chumba kimoja, ilhali kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Tulidhani shida yetu ingekuwa idadi. Tulikusanya vizibo vya soda, mbegu za ubuyu na vijiti vya kuhesabia, tukapanga kona ya hisabati, kona ya lugha na kona ya nyumbani, tukaazima majamvi. Choo hakikumjia mtu akilini, kwa sababu shule ilikuwa na matundu manane na yote yalikuwa mazima.

Siku ile tulianza kwa kuulaumu uji. Januari na Februari ndiyo miezi ya ghala tupu Dodoma, mavuno ni Mei na kuendelea, na wazazi wengi walikuwa wameuelewa Waraka kwamba hata debe la mtama kwa ajili ya uji ni marufuku kulitoa. Uji ulikuwa mwepesi kweli: kilo moja ya unga kwenye lita 15 za maji, wakati kiasi hicho cha maji kinataka karibu kilo moja na nusu hadi mbili ili mtoto ashibe na kijiko kiache alama. Lakini mpishi alituonyesha jambo ambalo hatukuliona. Nusu ya vikombe vilirudi vimejaa. Mtoto mwenye njaa aliyeamka saa 12 hauachi uji, hata uwe mwepesi namna gani.

Jibu lililetwa na mama mmoja mchana ule, akiwa amemshika binti yake mkono. "Mwalimu, samahani, huyu anajibana tangu asubuhi mpaka afike nyumbani. Anasema choo cha shule kina mdomo." Akaeleza kwamba wiki iliyopita mguu wa mtoto ulizama kwenye tundu mpaka kwenye goti, akajitoa mwenyewe, akajifuta kwa majani na hakumwambia mtu. Hakuwa amekosa ujasiri wa kusema. Nyumbani walizungumza Kigogo, na neno la Kiswahili la kuombea ruhusa ya kwenda haja hakuna aliyekuwa amemfundisha.

Tulikwenda na tepu. Tundu lilikuwa na upana wa sentimita 24 na urefu wa 38, na nyayo za zege zilikuwa zimetengana sentimita 35. Mtoto wa miaka mitano akiweka miguu hapo, mapaja yanapanuka kupita uwezo wake, anapoteza usawa, na hana cha kushika. Ndani mlikuwa na giza. Komeo lilikuwa juu ya kichwa chake, kwa hiyo mlango wa bati ama ulibaki wazi mbele ya wavulana wa darasa la sita, ama upepo uliufunga kwa kishindo. Basi wakajifunza wenyewe: asiyekunywa hahitaji kwenda, na aliyekunywa akimbilie kwao.

Mwalimu Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akataja tatizo lake, na lilikuwa la kweli. Mwongozo wa taifa wa vyoo vya shule unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Sisi tulikuwa mbali na hapo hata kabla ya awali kujaa. Kuwatengea wadogo matundu mawili kulimaanisha kuwanyang'anya wakubwa. Aliyatoa, tundu la mwisho upande wa wasichana na la mwisho upande wa wavulana, yale mawili yaliyo karibu zaidi na darasa letu, hatua kama 20 na yanaonekana kutoka mlangoni. Bado naamini ulikuwa uamuzi bora kuliko yote aliyoyafanya mwaka ule.

Fundi alikuwa mzazi wa mtoto wa awali. Hatukuvunja sakafu ya zamani. Njia nyepesi ni kutengeneza slabu ndogo ya sentimita 60 kwa 60, unene wa 5, yenye tundu dogo, kisha kuilaza juu ya tundu kubwa na kuziba kingo. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatosha slabu nne na unabaki kidogo wa kuzibia.

Vipimo vya tundu tulivichukua kwa watoto wenyewe. Tulimwaga mchanga mkavu nyuma ya darasa, tukausawazisha kwa ubao, tukawaambia watoto 12 wa urefu tofauti wachuchumae kama wanavyochuchumaa nyumbani, mmoja mmoja, wakiwa na nguo zao. Walidhani ni mchezo. Kila mmoja alipoinuka tulipima nafasi kati ya nyayo zake. Nyingi zilikuwa kati ya sentimita 15 na 20. Nyayo za zege tukaziweka hapo, mbele kidogo, maana mtoto huegemea kisigino na tundu linapaswa kuwa chini yake, si mbele yake. Upana wa tundu tuliupanga sentimita 12 na urefu 28. Mguu unaweza kuteleza ukingoni, lakini kichwa wala kiwiliwili cha mtoto hakipiti.

"Mwalimu, tundu hili litachafuka," fundi alisema. Alikuwa sahihi, na kila anayepunguza tundu alijue hilo mapema. Tundu jembamba linapokea uchafu ukingoni kuliko pana. Dawa yake ni mbili na zote hufanywa zege likiwa bichi: uso wa slabu uinamie tundu kutoka pande zote kama sahani, sentimita moja na nusu hadi mbili, na upigwe niru, yaani ulainishwe kwa saruji, mpaka maji ya kopo moja yaondoke yenyewe. Slabu iliyo tambarare au yenye ukwaruzo itanuka ndani ya wiki moja, na lawama zitaangukia udogo wa tundu.

Ijumaa walimwaga. Saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto ndogo mbili, maji kidogo kidogo hadi zege likikamatwa mkononi libaki umbo lake bila kuchuruzika. Maji mengi hurahisisha kazi na hudhoofisha slabu. Fremu ilikuwa ya mbao, imepakwa oili chafu isigandamane, na vipande vya nondo za milimita 6 vilipita pande zote nne za tundu, chini ya katikati ya unene. Tundu lenyewe lilitengenezwa kwa kigogo cha mbao kilichochongwa kidogo chembamba chini, kikazungushwa taratibu na kutolewa baada ya saa chache. Zote nne zilifunikwa magunia ya katani yaliyoloweshwa, na zilitakiwa kumwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku saba.

Jumapili mmwagiliaji hakuja. Slabu iliyokuwa ukingoni mwa kivuli ilipigwa jua mchana kutwa, gunia likakauka, na Jumatatu tulikuta ufa mwembamba kutoka kona ya tundu mpaka pembeni. Tuliitupa. Mtu hutamani kuupaka ufa saruji, lakini slabu ya choo cha watoto haibahatishwi. Tatu zilizobaki zilijaribiwa kwa watu wazima wawili kusimama katikati, slabu ikiwa imelazwa juu ya magogo mawili. Moja ikawekwa akiba.

Giza lilitusumbua kuliko zege. Choo chenye bomba la hewa hujengwa chenye giza kwa sababu: nzi aliye shimoni hufuata mwanga, mwanga pekee uko juu ya bomba, na huko anakutana na wavu. Ukifungua dirisha kubwa, nzi wanarudi chumbani. Lakini mtoto haingii gizani. Tulichagua mwanga. Tulitoa safu mbili za matofali juu ya mlango, kisha tukatengeneza vifuniko vya mbao vyenye mpini mrefu wa sentimita 50, ili mtoto afunike bila kuinama juu ya tundu. Kifuniko kikikaa sawasawa kinafanya sehemu kubwa ya kazi ya giza. Kisipokaa, umepoteza vyote viwili. Komeo tulilishusha mpaka sentimita 70 kutoka chini, tukaweka kipande cha tairi mlangoni kuzuia kishindo, na ukutani, mbele ya nyayo, fundi akakaza fimbo imara ya mti wa mtundu ya kushikia. Ile fimbo iliondoa hofu kuliko kitu kingine chochote.

Slabu zikasubiri siku saba, Jumamosi wanaume wawili wakazibeba moja moja, maana ile ya ukubwa huo hukaribia kilo 45. Zilizibwa kingo, na mteremko wa saruji ukatengenezwa kuzizunguka ili ngazi ya sentimita 5 isiwakwae watoto. Siku tatu hakuna aliyeingia.

Kunawa mikono kulikuwa na hesabu yake. Tulikuwa na kibuyu chirizi kimoja, yaani dumu la maji linaloning'inia na kuinamishwa kwa kamba na kanyagio. Mtoto mdogo anatumia nusu dakika. Watoto 70 kwenye kibuyu kimoja ni dakika 35, na mapumziko yenyewe ni dakika 30. Ndiyo maana walikuwa wakinywa uji bila kunawa, wala haukuwa ukaidi. Vibuyu vinne vinaishusha foleni hadi dakika tisa hivi. Tulitumia madumu ya lita 3 badala ya 5, kwa sababu la lita 5 likijaa mguu wa mtoto wa miaka mitano hauwezi kulivuta, anarukia kanyagio kwa miguu yote miwili na kamba inakatika. Tundu hutobolewa kwa msumari wa moto wa inchi 3, karibu na mdomo wa dumu, na dumu lining'inie usawa wa kifua cha mtoto. Sabuni itobolewe na kufungwa kamba, juu yake kopo la kuikinga mvua. Maji yaliyotumika kwa siku yalikuwa ndoo moja ya lita 20, na ndoo hiyo ilipaswa kujazwa kabla ya saa 2:00, vinginevyo kila kitu kinasimama.

Kuomba ruhusa tulikufundisha kama somo, kwa vipindi vya dakika 20, siku tatu mfululizo. Baadaye mtaala mpya wa awali wa 2016 ulipotufikia tukakuta kutunza afya ni mojawapo ya umahiri sita, na kazi hii yote ilikuwa ndani yake. Kwa asiyeweza bado kusema, tulitundika mlangoni vijiti viwili vyenye kitambaa, anachukua na kwenda. Vyote viwili vilitumbukia shimoni kabla ya wiki kuisha. Tukasuka pete pana za katani, mtoto anaivaa mkononi na kuirudisha, na pete hizo zilidumu hadi Juni. Mwalimu msaidizi, binti aliyemaliza kidato cha nne pale kijijini, aliwapeleka kumikumi kuanzia saa 3:20, kabla ya uji, na tena dakika 15 baada ya uji, kwani tumbo la mtoto huamka likishapata chakula. Wazazi tuliwaomba jambo moja tu: kaptura na sketi za lastiki kiunoni. Kifungo kigumu na mkanda vimewaaibisha watoto wengi waliofika chooni kwa wakati.

Uji nao ulipata nguvu. Kwenye mkutano wa kijiji ilielezwa kwamba wazazi wakikubaliana wenyewe kuchangia chakula cha watoto wao hawajavunja sheria, na madebe ya uwele na mtama yakaanza kuja, machache, kwa walio nacho.

Jumatano ya tarehe 24 Februari tulifungua. Mwalimu msaidizi aliingia kwanza, akachuchumaa akiwa amevaa kanga yake, akashika fimbo, akafunika, akatoka kunawa. Kisha wakaingia wao. Binti yule alisimama nje ya mlango akiwahesabu wenzake wanavyotoka, na kila aliyetoka alimtazama miguu. Alisubiri mpaka kundi lake likaisha na kundi lililofuata likaisha. Hatukumsukuma. Mwishowe aliichukua pete mkononi mwa mwenzake, akaingia, akaacha mlango wazi kidogo. Tulisikia kifuniko kikirudi mahali pake. Alinawa mpaka viwiko, akaenda moja kwa moja kwa mpishi na kikombe chake.

Saa 4:40 waliitika 66.